Upele uandikwe upele

Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye zahanati za vijijini, sijaona ugonjwa unaotesa watu wengi na kudharauliwa kama upele, ule mwasho wa kuambukiza unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Mtoto analetwa kwa kikohozi, mwasho hautajwi kabisa. Ukimshika mkono ndipo unaviona vipele katikati ya vidole, vingine vimetunga usaha, na kucha zina damu iliyokauka. Mama anakwambia, "Hivyo ni vipele tu, nesi, hata wenzake nyumbani wanavyo."

Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, nalo linakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 wanao. Wataalamu hupima uzito wa ugonjwa kwa miaka ya maisha yenye afya inayopotea: iliyokatizwa na kifo cha mapema, pamoja na ile mtu aliyoishi akiumwa. Kila ugonjwa hupewa alama ya ukali, kuanzia 0, yaani afya kamili, hadi 1, yaani kifo. Upele umepewa 0.027. Kwa hesabu hiyo, anayejikuna mwaka mzima amepoteza siku kama 10 tu! Kwa mtu asiyepata usingizi, mimi naona ni kidogo mno. Hata hivyo, zidisha kwa watu milioni 200 uone: inakaribia miaka milioni 5 na nusu kila mwaka.

Na hapo madhara ya baadaye hayamo. Bakteria huingia kwenye mikwaruzo, na baadhi ya watoto huishia kuugua figo. Ugonjwa huo unahesabiwa kwenye fungu la figo, upele hautajwi.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa zahanati na matroni wa shule za bweni: andikeni. Usiandike "ugonjwa wa ngozi" ukaishia hapo. Andika upele, umri na kijiji. Hadubini si lazima. Tangu 2020 kuna vigezo vya kimataifa vinavyokubali utambuzi kwa macho na maelezo ya mgonjwa. Mkague kwenye mwanga wa mchana: katikati ya vidole, viwiko, makwapa, kiunoni, makalioni, sehemu za siri; kwa mtoto mchanga, viganja na nyayo pia. Kisha uliza kama anawashwa zaidi usiku, na nani mwingine nyumbani anajikuna.

Asiyejikuna naye atibiwe siku hiyohiyo, kwa sababu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila mwasho. Waambie pia kwamba mwasho huendelea wiki kadhaa baada ya dawa, wasije wakakata tamaa.

Huko Fiji, katika utafiti uliochapishwa 2015, jamii nzima ilipewa ivermektini, dawa ya kumeza inayoua vijidudu vya upele. Wenye upele walishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9 ndani ya mwaka mmoja. Walilijua hilo kwa sababu walihesabu kabla na baada. Kwa hiyo ukishatibu bweni lako, weka tarehe ya kuwakagua tena wanafunzi wote, na idadi zote mbili ziandike kwenye daftari moja.