Sekunde 30 za wimbo wa mtu

SWALI: Nimekamilisha filamu yangu ya kwanza, dakika 84, kwa akiba yangu mwenyewe na marafiki waliojitolea kuigiza. Msambazaji mmoja ameipenda, ila anataka nyaraka za haki zote kabla ya kusaini mkataba. Nimetumia nyimbo nne maarufu, kila moja chini ya sekunde 30, na mwishoni nimeandika kwamba muziki huo si mali yangu. Mhariri wangu anasema hiyo inatosha. Nimjibu nini?

JIBU: Mhariri wako amekupotosha. Kazi yangu ni kukagua filamu kabla hazijafika kwa wasambazaji, na hiyo hesabu ya sekunde 30 naikuta karibu katika kila filamu ya bajeti ndogo. Wanaoifundisha huwa nawaomba wanionyeshe imeandikwa wapi. Hakuna aliyewahi kunionyesha, kwa sababu kanuni hiyo haipo. Kiitikio cha sekunde tano kinachotambulika kinatosha kukuletea madai. Na yale maandishi ya mwisho hayakukingi hata kidogo: umekiri mwenyewe kwamba ulijua wimbo ni wa mtu na ukauchukua.

Wimbo mmoja una wenye haki wa aina mbili. Kuna utunzi, yaani melodia na mashairi, ambao ni wa mtunzi au kampuni inayosimamia tungo zake. Kisha kuna rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi ni ya lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki. Kuuweka wimbo kwenye filamu kunahitaji ruhusa ya pande zote mbili, kwa maandishi. Ndiyo maana hata wimbo wa kale, ambao utunzi wake umeshatoka kwenye kinga ya hakimiliki, bado unaweza kukunasa: rekodi uliyopakua huenda ilitengenezwa majuzi tu.

Charles Burnett alitengeneza Killer of Sheep akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, kwa chini ya dola 10,000, na akaikamilisha miaka ya 1970. Filamu ilisifiwa sana, lakini haikuingia rasmi kwenye majumba ya sinema hadi 2007, kwa sababu haki za muziki hazikuwa zimelipiwa. Zilipolipiwa ziligharimu takriban dola 150,000. Piga hesabu mwenyewe hiyo ni mara ngapi ya bajeti yake, kisha uniambie kama karatasi ni jambo la baadaye.

Kwako wewe, ziondoe nyimbo zote nne. Kazi ni nyepesi kama nyimbo hizo ziliongezwa wakati wa kuhariri, maana hapo zina mkondo wake wa sauti na zinatoka bila kugusa maongezi. Kama wimbo ulikuwa ukipigwa chumbani wakati mnashuti, umeshaingia kwenye sauti za waigizaji, na itabidi uwaite warekodi upya maneno yao studio. Tafuta mtunzi akutengenezee muziki mpya, akusainie kwamba filamu inaweza kuutumia kwenye vyombo vyote, nchi zote, bila kikomo cha muda. Leseni ya kutumia wimbo kwenye matamasha ya filamu pekee ni ya bei rahisi kweli, lakini siku filamu inapouzwa haina kazi tena. Muziki unaoitwa wa bure nao usome masharti yake. Mwingi unakataza matumizi ya biashara, na kuuza filamu ni biashara.

Lakini muziki ni sehemu tu ya ninachokihofia. Umesema marafiki walijitolea. Je, walisaini? Kukubali kuigiza bila malipo si sawa na kukupa haki ya kuuza sura na sauti ya mtu. Kama kuna rafiki aliyekusaidia kuandika skripti, naye anaweza kudai sehemu yake hadi atakapokuhamishia haki kwa maandishi. Kuna watu wanauza mafunzo ya kutengeneza filamu bila senti, na wito wao ni shuti kwanza, mengine yatajipanga. Hayajipangi. Mwigizaji husaini kwa furaha kabla ya siku ya kwanza ya kushuti, wakati filamu haina thamani yoyote. Akishasikia kuna mnunuzi, sahihi ileile ina bei, na wewe huna tena pa kujadiliana. Nimeona filamu nzuri kabisa zikibaki kwenye diski kwa sababu ya mtu mmoja aliyeonekana dakika mbili na baadaye akagombana na mwongozaji.

Kwa hiyo mwambie msambazaji ukweli: muziki unabadilishwa, sahihi zinakusanywa, unaomba muda. Maombi ya namna hiyo wameyazoea. Usichopaswa kufanya ni kusaini kama ulivyo sasa. Ndani ya mkataba wake karibu hakika utakuta kipengele ambamo unathibitisha kwamba haki zote ni zako, na kwamba mtu akidai, gharama za kesi na fidia utazibeba wewe.