Kadi Imekwisha, Ukaazi Je?

SWALI: Salaam nyingi. Mimi ni fundi mitambo. Nilipata ukaazi wa kudumu wa Kanada tarehe 1 Agosti 2020 kwa mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi, nikaishi Calgary bila kutoka hadi 31 Julai 2023, kisha nikarudi Tanga kumuuguza mama. Kadi yangu ilikwisha muda Oktoba 2025. Jamaa ananiambia nimeshapoteza kila kitu, niombe viza ya matembezi nikaanze upya. Ni kweli? – Msomaji, Chumbageni

JIBU: Si kweli, ndugu yetu, na tunakusihi hilo la viza uliache kabisa. Mkaazi wa kudumu hapewi viza ya matembezi. Ukiiomba, utaambiwa kwanza uukane ukaazi wako kwa maandishi, na ukishatia saini hakuna tena cha kutetea. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu watu wanaponzwa na ushauri huu kila mara.

Kadi ni kitambulisho, nayo kwa kawaida hudumu miaka 5. Ukaazi wenyewe hauna tarehe ya kuisha. Utautoka ukiukana, ukipata uraia wa Kanada, au uamuzi rasmi wa kukuvua ukishakuwa wa mwisho. Kwa Mtanzania hili lina uzito wake, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, hivyo wengi hubaki wakaazi kwa miaka mingi.

Kinachopaswa kukunyima usingizi ni siku. Unatakiwa uwe umekaa Kanada siku 730 ndani ya miaka 5 inayorudi nyuma kuanzia siku unapokaguliwa. Hata ukiingia saa tano usiku, hiyo ni siku nzima. Miaka hiyo 5 husogea kila kukicha. Ukiomba 1 Machi 2026, hesabu inaanzia 1 Machi 2021, nawe una siku 883. Ukiomba 1 Agosti 2026, una 730 kamili. Kesho yake una 729, umepungukiwa. Na ofisa wa mpakani anaweza kukukagua upya siku unayotua, kwa hiyo usiombe Julai ukasema bado muda upo.

Kadi mpya haiombwi ukiwa Tanga. Mwombaji sharti awe Kanada, na kumtumia rafiki aliyeko Calgary kama anwani yako ni udanganyifu unaoweza kukuvua ukaazi. Ukiwa nje unaomba hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, kwa ada ya dola 50 za Kanada. Maombi yanafanyika mtandaoni, na pasi utaipeleka kituo cha viza za Kanada kilichopo Dar es Salaam utakapoitwa. Usikate tiketi kabla ya kuipata, kwani bila hati hiyo au kadi hai shirika la ndege halikupandishi.

Ambatisha nakala za kurasa zote za pasi, hata za pasi ya zamani. Weka na taarifa za kodi za kila mwaka, barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba na taarifa za benki za Calgary. Wengi hukwama hapa kwa kuandika tarehe kwa kukisia, halafu mihuri ya pasi ikasema vingine.

Ukichelewa na siku zikapungua, ugonjwa wa mama ni sababu ya kibinadamu inayopimwa, lakini si kinga. Kusanya vyeti vya hospitali tangu sasa. Ukikataliwa ukiwa nje, una siku 60 za kukata rufaa.

SWALI: Mume wangu ni raia wa Kanada, tunaishi wote hapa Tanga mwaka wa nne sasa. Siku zangu zimepotea? – Mama wa Raskazone

JIBU: Hapana, dada. Kila siku unayoishi nje pamoja na mume aliye raia wa Kanada inahesabiwa kama umekaa Kanada. Thibitisha ndoa, uraia wake, na kwamba mnaishi pamoja. Kielelezo cha Kiswahili kiende na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa na kiapo cha mfasiri. Mfasiri asiwe ndugu.

SWALI: Mdogo wangu yuko Hamilton, kadi yake imekwisha. Aache kazi? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Asiache. Kadi kwisha muda hakumwondolei haki ya kufanya kazi. Ahesabu kwanza siku zake. Zikifika 730, aombe kadi mpya hapo hapo Kanada, kwa ada ile ile ya dola 50. Zikiwa pungufu, ni afadhali atulie ndani ya Kanada, asisafiri nje wala asiombe kadi, hadi zitimie, kwa sababu ombi lenyewe ndilo linalofungua ukaguzi. Picha ziwe za milimita 50 kwa 70. Pasipoti saizi ya studio zetu haifai.