Kompyuta ya safari ikizima angani: maswali kutoka Kusini

Msomaji wa Shangani, Mtwara: Kompyuta ya kuongoza ndege ikizima kati ya Dar na Mtwara, marubani wanabaki na nini?

Wanabaki na karibu kila kitu. Injini, dira, vipima mwendo na vipima kimo haviitegemei kompyuta hiyo, ambayo marubani huiita FMC. Kinachopotea ni njia iliyochorwa kwenye skrini, makadirio ya muda na mafuta, na kasi za kutua inazokokotoa. Ndege kubwa nyingi hubeba FMC mbili. Ikifa moja, skrini zote huhamishiwa kwenye ile iliyo hai. Zikifa zote, otopailoti, chombo kinachoiendesha ndege chenyewe, bado inafanya kazi: rubani anaiondoa kwenye kufuata njia, anaiambia ishike digrii anazochagua mwenyewe kwa kitufe cha kuzungusha.

Msomaji wa Lindi mjini: Hatua zenyewe zinafuatanaje?

Mmoja anaruka, mwingine anafungua kitabu cha dharura. Wote wawili wakiinamia kompyuta, hakuna anayeruka. Anayeruka anashika uelekeo na kimo. Mwenzake anafuata orodha, anawaambia waongoza ndege kwamba hawawezi tena kufuata njia za satelaiti, na anaomba waelekezwe kwa digrii ikiwa rada inawaona. Kisha anaingiza kwa mkono masafa ya VOR, kituo cha redio cha ardhini kinachoonyesha uelekeo, na kusikiliza milio ya Morse inayokitambulisha kabla ya kuiamini sindano inayokielekea. Namba moja ikikosewa, unafuata kituo cha watu wengine. Baada ya hapo ni kalamu: saa, mahali, mafuta yaliyobaki, kila baada ya dakika chache. Kasi ya kutua inasomwa kwenye jedwali kwa uzito wa ndege.

Msomaji wa Mikindani: Shikamoo mhariri. Sisi wavuvi tukikosa GPS tunatazama alama za pwani na upepo. Rubani je?

Marahaba. Mchana mweupe naye anaweza: ukielekea kusini, bahari iko kushoto, unapita delta ya Rufiji, Kilwa, halafu ghuba ya Lindi. Usiku au juu ya mawingu anapiga hesabu. Dar hadi Mtwara ni kama maili za baharini 216. Chukua ndege inayokwenda maili 300 kwa saa, na upepo wa maili 20 unaoipiga ubavuni kutoka baharini. Gawa 20 kwa 300, zidisha kwa 60: digrii 4. Pua ielekezwe digrii 4 upande wa bahari. Bila hivyo, mwisho wa safari utakuwa umeingia bara zaidi ya maili 14. Ila usitumie kusi unayoijua ngalawani. Huko juu upepo ni mwingine, na namba inatoka kwenye utabiri wa kimo hicho.

Kukosa GPS peke yake ni jambo jepesi zaidi. Ndege nyingi za abiria zina vihisi vya mwendo vinavyokadiria mahali bila satelaiti, na kosa linalokubalika ni kama maili 2 kwa saa.

Msomaji wa Newala: Ipi mbaya zaidi, kompyuta kuzima au kukosea?

Kukosea, tena kwa mbali. Iliyozima inajitangaza. Tarehe 20 Desemba 1995, marubani wa American Airlines 965 wakishuka kwenda Cali, Kolombia, waliingiza herufi R wakitaka kituo cha redio cha Rozo, karibu na Cali. Kompyuta ikachukua Romeo, karibu na Bogotá. Haikuharibika, ilitii. Ndege ikakata kushoto kuelekea milimani, wakachelewa kuligundua kosa, na watu 159 wakafa. Ndiyo maana kila badiliko la njia husomwa na wote wawili kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali: je, digrii na umbali mpya vinaingia akilini?

Msomaji wa Masasi: Simu za abiria zinaweza kuizima?

Hapana. Zinaweza kuleta mkwaruzo kwenye vipokea sauti vya rubani, na huo unatosha kukufanya uizime simu yako.

Msomaji wa Nachingwea: Mtwara pakiwa na mawingu ya chini, watatuaje?

Bila FMC, utaratibu wa kutua wa satelaiti haupo. Ama wanauona uwanja kwa macho, ama wanashuka kwa vyombo vya redio vya ardhini. Dar ina ILS, mfumo wa redio unaoongoza ndege hadi kutua, kwenye njia ya kurukia namba 05, kwa hiyo uamuzi wa kurudi hufanywa mapema, mafuta ya kurejea yakiwa bado kwenye matangi.