Madesa ya baiolojia: weka X njiani uone nini kinakwama

Nyie mnaoingia mwaka wa kwanza baiolojia au sayansi za tiba najua mshaanza kukusanya madesa, slaidi zote mnazo, PDF za waliotangulia mnazo, mtu kaprinti kapaka rangi mpaka ukurasa mzima umekuwa njano, halafu kwenye pepa anakutana na "eleza nini kitatokea iwapo..." anabaki kuangalia dari. Maswali yenye maksi nyingi hayakuulizi hatua ni zipi, yanauliza hatua ikikwama inakuwaje.

Kwa hiyo mi kwenye notsi zangu huwa nachora hatua kwa mishale tu, halafu kwa peni nyekundu naweka X mahali pamoja, najiuliza nyuma ya X nini kinarundikana na mbele nini kinakosekana.

Chukua mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria, ule unaopitisha elektroni toka kompleksi (kundi la protini) moja hadi nyingine mpaka kwenye oksijeni, huku ukipampu protoni za kutengenezea ATP, nishati ya seli. Weka X kompleksi ya IV, hapo ndo sumu ya sayanaidi inaponasa. Elektroni haziwezi tena kuifikia oksijeni, zinakwama huko nyuma, NADH (inayoleta elektroni) inajaa, NAD+ (NADH ikishazishusha) inaadimika, na bila NAD+ mzunguko wa Krebs unasimama. Protoni nazo hazipampiwi kwa hiyo ATP sintasi, kimeng'enya kinachotengeneza ATP, haina cha kuizungusha. Seli inabaki kutegemea glaikolisisi, kule kuvunja glukosi bila oksijeni, yenye faida ya ATP 2 tu kwa kila glukosi, na hata hiyo ili iendelee lazima NAD+ irudishwe, ndo maana pairuveti, zao la glaikolisisi, inageuzwa kuwa laktati na damu inazidi kuwa na asidi. Sasa patamu ni hapa: oksijeni kwenye damu ipo kibao ila seli haziwezi kuitumia, hivyo damu ya vena inarudi ikiwa bado na oksijeni nyingi. X moja tu na umeshapitia glaikolisisi, Krebs na mnyororo wote, bila kumeza orodha hata moja.

Kuhusu idadi ya ATP kwa glukosi moja msigombane kwenye grupu, vitabu vya zamani vinasema 36 au 38 kwa sababu walihesabu NADH moja ni ATP 3 na FADH2 (mbeba elektroni mwingine) ni 2, vya siku hizi wanahesabu 2.5 na 1.5 ndo inakuja 30 au 32. Andika zote na sababu yake, kwenye pepa tumia ya mwalimu wako, si ndo anasahihisha.

Anatomia nayo inakubali kiasi, kata neva ya radiali juu ya kiwiko uone kwa nini kiganja kinaning'inia. Histolojia, yaani somo la tishu, hapana, ile ni macho na hadubini, angalia tishu mpaka uzizoee.

Halafu kusoma tena na tena kunadanganya. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja waliokuwa wanajipima bila kuangalia ndo walikumbuka zaidi. Kwa hiyo funika desa, chukua karatasi tupu, chora njia nzima kwa kichwa, mshale uliokushinda ndo ukausome, chapta nzima ya nini, na kesho weka X sehemu nyingine.