Viti vitupu kwenye futiboli ya vyuo Marekani: nilikuwa na tiketi ya msimu miaka tisa, nikaiacha

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema unakuja kusoma huku Agosti, umeona kwenye TV uwanja wa watu laki moja una mapengo mapengo, ukauliza kama Wamarekani wameuchoka mpira wao wa vyuo. Wadau wengi wamekujibu kwa mstari mmoja: TV imeua. Wengine wamesema tiketi ghali. Naomba nikae chini nikujibu kwa kirefu, maana jambo hili nimeliishi na bado linaniuma.

Nilifika Marekani mwaka 2009 kusoma kwenye chuo kikubwa cha umma, Midwest, yaani majimbo ya kaskazini-kati. Jina naliacha. Nilipomaliza nikapata kazi mji huohuo, na kuanzia 2011 hadi 2019 nilikuwa na tiketi za msimu, kiti changu na cha mke wangu. Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai. Nilianza bila kuelewa hata mstari mmoja uwanjani, nikaishia kuipenda kama nilivyoipenda soka utotoni Morogoro.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Uwanja wa Michigan pale Ann Arbor unachukua watu 107,601. Wa Penn State na wa Ohio State nao vinapita laki moja. Hivi ni viwanja vya wanafunzi, na viwanja vingi vya ligi ya kulipwa havivifikii. Lakini wastani wa mahudhurio kwa vyuo vya daraja la juu ulikuwa zaidi ya watu 46,000 kwa mechi mwaka 2008, na kufika 2018 ukawa 41,856, chini kuliko msimu wowote tangu 1996. Na hizo ni namba za kutangazwa, yaani tiketi zilizouzwa au kugawiwa. Mwaka huohuo wa 2018 gazeti la Wall Street Journal lilikusanya hesabu za tiketi zilizoskaniwa mlangoni kwenye vyuo vingi, likakuta kwa wastani ni asilimia 71 tu ya namba iliyotangazwa.

Hiyo asilimia 71 isome mara mbili. Karibu watu 30 katika kila 100 tiketi zao zipo, nyingi zimeshalipiwa, na bado siku ya mechi wameona bora wabaki nyumbani. Kwa hiyo bei peke yake haitoshi kueleza. Mtu ameshatoa hela, halafu haji. Hapo ndipo swali lako lilipo.

Nikueleze kuhusu jirani yangu wa kiti. Alikuwa mzee mmoja mstaafu wa kiwandani, ameshika viti viwili vyake tangu miaka ya sabini, kwanza na baba yake, baadaye na mkewe. Mabenchi yetu yalikuwa ya aluminiamu, namba zimepakwa rangi, kila mtu amepewa kama sentimita 45, kwa hiyo jirani unamjua hata ukiwa hutaki. Alikuwa na redio ndogo ya mfukoni, waya sikio moja, sikio jingine anisikilize mimi na maswali yangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma mabeki kabla mpira haujaanza. Na ndiye aliyenifundisha, Novemba yangu ya kwanza pale, kwamba baridi haikuingii kwa juu. Inapanda kutoka kwenye zege kupitia nyayo. Alikata boksi la kadibodi vipande viwili, akanisukumia kimoja bila kusema kitu. Nikasimama juu yake, na baada ya dakika kumi vidole vyangu vikarudi.

Mzee huyu hakuwa mtu wa kukatishwa tamaa na baridi wala kufungwa. Kilichomtoa ni saa.

Alikuwa anaendesha gari kwa muda wa saa mbili na nusu kutoka kijijini kwake. Zamani, alivyoniambia, mechi zote za nyumbani zilianza saa saba mchana. Ratiba ikitoka unajua Jumamosi zako zote za vuli. Unapanga mavuno ya mjomba, harusi ya mpwa, kila kitu. Sasa saa ya kuanza inaamuliwa na vituo vya TV, na kwa mechi nyingi inatangazwa siku 12 kabla, mara nyingine siku 6. Inaweza kuwa saa sita mchana, saa tisa na nusu alasiri, au saa moja na nusu usiku. Ikiwa ya usiku, unatoka uwanjani saa tano, maegesho yanakuchukua saa nzima, na mzee wa miaka sabini na kitu anafika kwake saa nane na ushee usiku wakati asubuhi ana zamu ya kupokea waumini mlangoni kanisani. Msimu wa 2015 alikosa mechi mbili za usiku. Msimu wa 2016 hakukata tiketi. Nilipompigia simu akaniambia: "Kijana, nilikuwa najua Jumamosi zangu tangu Machi. Siku hizi nangoja niambiwe." Walikuja vijana wawili kwenye viti vyake, mechi tatu, kisha viti vikabaki wazi, ingawa najua vilikuwa na mwenyewe.

Hii ndiyo TV ninayoijua mimi. Wadau wanadhani TV imeua kwa sababu picha ni nzuri na kochi ni laini. Picha ni nzuri kweli. Lakini picha nzuri ilikuwepo na watu walijaa. Kilichobadilika ni kwamba mechi yenyewe imepangwa upya kwa ajili ya aliye nyumbani, na aliye uwanjani anachukua kilichobaki.

Chukua mapumziko ya matangazo. Timu inafunga, inapiga mpira wa nyongeza, matangazo. Inaanzisha mpira upya, mpira unatoka, matangazo tena. Wewe wa nyumbani unaenda jikoni, unaangalia mechi nyingine. Sisi tuko kwenye nyuzi joto sifuri. Pale pembeni mwa uwanja anaingia mtu wa kofia nyekundu, anasimama mikono imekunjwa, na kila mtu anajua: hapo alipo, mpira hauchezwi. Wachezaji ishirini na wawili wanarukaruka mahali pamoja wasipoe. Bendi inapiga wimbo uleule kwa mara ya tisa. Yule mtu anaangalia saa yake. Mechi ya dakika 60 ilikuwa inakula saa tatu na dakika ishirini, na mara nyingi zaidi. Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka akiwa na miaka sita. Robo ya pili akaniuliza, "Baba, kwa nini wamesimama?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka sita. Tukaondoka mapumziko, na hajaniomba kurudi. Nimelifikiria sana lile, kwa sababu yule mzee alianza kuja na baba yake akiwa kijana na akarudi miaka arobaini.

Na ujue kwamba wakubwa wa mchezo huu waliiona hatari mapema mno. Kuanzia 1951 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliweka mipaka mikali ya mechi ngapi zionyeshwe, kwa hofu hiihii kwamba watu watabaki nyumbani. Mipaka ilidumu zaidi ya miaka thelathini, hadi Juni 1984, chuo cha Oklahoma na cha Georgia vilipoishinda NCAA katika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji saba kwa wawili. Mmoja wa wale wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye kabla ya ujaji alikuwa nyota wa futiboli wa chuo cha Colorado. Kisheria sina la kusema juu ya hukumu ile. Ila baada yake kila chuo na kila kanda, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, ikawa huru kuuza mechi zake. Vikaja vituo vya TV vya kanda kubwa mbili, Big Ten Network mwaka 2007 na SEC Network 2014, na mwaka 2022 Big Ten wakasaini mkataba wa TV wa miaka saba wa zaidi ya dola bilioni 7. Ukilipwa hivyo, anayelipa ndiye anayepanga saa. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, tukiangalia ligi ya Uingereza huku mechi ya mkoa inachezwa mtaa wa pili bila watu, tunalielewa hili haraka kuliko wenyeji.

Kuna wanaosema timu ikishinda watu watakuja. Angalia Alabama. Chini ya kocha Nick Saban walikuwa wanachukua ubingwa kila baada ya miaka michache, na bado alikuwa analalamika hadharani kwamba wanafunzi wanaondoka kabla ya mwisho. Mwaka 2019 chuo kikaanzisha programu ya simu inayojua mwanafunzi yuko wapi na kumpa pointi akibaki hadi robo ya nne, pointi zimsaidie kupata tiketi za mechi kubwa. Timu bora nchini, na inabidi umfuatilie mtu kwa simu ili abaki. Sehemu ya sababu ni mechi zenyewe: chuo kikubwa kinakilipa chuo kidogo pesa, mara nyingine zaidi ya dola milioni moja, kije kifungwe. Mapumziko ni 42 kwa 0. Mwanafunzi wa miaka 19 ana marafiki nje na mtandao wa simu uwanjani haushiki. Mimi simlaumu.

Bei imo, siikatai. Kwenye vyuo vikubwa hununui tiketi ya msimu tu. Kwanza unatoa "mchango" ili upate haki ya kuinunua. Zamani asilimia 80 ya mchango ule ulikuwa unaitoa kwenye kipato chako kinachokatwa kodi. Sheria ya kodi ya 2017 ikaifuta nafuu hiyo kuanzia 2018, na wengi waliokuwa wanasitasita wakaachia hapo. Mwaka wangu wa mwisho, familia ya watu wanne, tiketi, maegesho na chakula, mechi moja ilinigharimu karibu dola 400.

Umbali nao. UCLA chuo kiko Westwood, uwanja wanaotumia ni Rose Bowl kule Pasadena, kama kilomita 40 kwenye foleni za Los Angeles. Mechi yao ya kwanza ya 2022 walitangaza watu 27,143 kwenye uwanja wa karibu elfu tisini.

Vyuo vidogo hali ni nyingine kabisa. Ligi ya MAC, vyuo vya Ohio, Michigan na jirani zake, ikifika Novemba inacheza Jumanne na Jumatano usiku kwa sababu ndizo siku TV ina nafasi. Nilikwenda moja, Jumatano, mvua ya theluji. Tulikuwa wachache kiasi kwamba nilisikia pedi za mabega zikigongana, na mchezaji akimwita mwenzake kwa jina. Kwa miaka mingi ilikuwepo kanuni kwamba chuo cha daraja la juu kiwe na wastani wa angalau watu 15,000, halisi au waliolipiwa, na kuna vyuo ambako mdhamini alinunua tiketi kwa maelfu ili kanuni itimie. Tiketi bila watu, kwa idhini ya kitabu.

Ili niwe mkweli, tangu korona ipite mahudhurio yamepanda kiasi. Mwaka 2023 walibadili kanuni, saa haisimami tena kila timu inapopata dauni ya kwanza (inapofikisha yadi kumi za kusogeza mpira), isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Mtoano ulipoongezwa hadi timu 12, mechi nne za raundi ya kwanza zikachezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, Desemba 2024. Nilikuwepo Columbus, nyumbani kwa Ohio State, walipocheza na Tennessee, tarehe 21 usiku, baridi ya kugandisha soda kwenye kikombe. Watu wa Tennessee walisafiri kwa maelfu, nyekundu na chungwa vimechanganyika hadi safu za juu. Ohio State wakashinda 42 kwa 17, na mshindi alijulikana mapema, lakini safu yangu haikuinuka. Wale si watu walioichoka futiboli.

Sasa wewe. Usinunue tiketi za msimu mzima za mwanafunzi mwaka wa kwanza kabla hujaona ratiba. Chagua mechi moja ya kanda, dhidi ya hasimu wa jimbo jirani, iwe Oktoba, na kama unaweza iwe ya mchana. Fika mapema utembee kwenye maegesho wanakochoma nyama. Sema ni mara yako ya kwanza, utakula bure. Ukiwa mwanafunzi utasimama muda wote, kwa hiyo kaa karibu na bendi, wao hawaondoki. Na ikiwa ni Novemba, tafuta boksi la kadibodi, kata kipande cha kutosha nyayo mbili, lakini kwanza usome kanuni za mlangoni za uwanja wako, vingine vinakataa. Ukishajua unakwenda chuo gani niandikie PM.