Kabla ya kuiita makrofaji: kwa wanaoanza kazi na seli za THP-1

Mwanafunzi anayeanza utafiti wa kifua kikuu hukabidhiwa kichupa kidogo kilichotolewa kwenye nitrojeni ya kimiminika na kuambiwa kwamba ndani yake mna makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu. Kauli hiyo si sahihi, na ningependa uisahihishe akilini mwako tangu siku ya kwanza. Zilizomo ni seli za THP-1, yaani seli za saratani zinazofanana na monosaiti (seli nyeupe za damu ambazo hukomaa na kuwa makrofaji), zilizopatikana Japani katika damu ya mtoto wa kiume wa mwaka 1 aliyeugua saratani ya damu, na kuelezwa kitaalamu mwaka 1980. Zinaelea, zinagawanyika bila kikomo na hazishiki sakafu ya chupa. Makrofaji utaitengeneza wewe, na jinsi utakavyoitengeneza ndiko kutakakoamua kama matokeo yako yanaaminika.

Kemikali inayotumika zaidi kuzigeuza THP-1 kuwa makrofaji ni PMA. Seli zikikaa nayo kwa siku 1 hadi 3 huacha kugawanyika, hunata chini, hutandaa na kuanza kumeza chembechembe. Kiasi kinachotumika hutofautiana sana kati ya maabara na maabara, kuanzia nanogramu 5 kwa mililita hadi 100 na zaidi, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotea kwa kudhani kwamba dozi kubwa huzaa makrofaji bora. PMA yenyewe huamsha jeni za mwitikio wa kinga uitwao inflamesheni, kwa hiyo ukiizidisha, hata visima (vishimo vya sahani ya kukuzia seli) ambavyo hukuvitia bakteria vitatoa kwa wingi TNF, protini inayoashiria mwitikio huo, na mwitikio halisi uliokuwa ukiutafuta utafunikwa.

Mimi nilipoteza miezi minne kwa kosa hilo. Nilikuwa nikiongeza bakteria mara tu baada ya kuondoa PMA, nikashindwa kuelewa kwa nini visima vya ulinganisho vilikaribia kulingana na vile vilivyoambukizwa, hadi fundi mmoja mzoefu aliponiuliza swali moja: seli zako zimepumzika kwa muda gani? Tangu siku hiyo hutafuta kwanza dozi ndogo kabisa inayotosha kuzinatisha seli, huziosha, kisha huziacha katika kimiminika kisicho na PMA kabla ya kuzigusa tena. Zipo taratibu zinazotoa siku 3 za PMA na siku 5 za mapumziko, na seli zinazotokana nazo hukaribia zaidi makrofaji zilizokuzwa kutokana na monosaiti za damu. Usione siku hizo kuwa za kupotea. Vaa glavu pia, kwa maana PMA ni kemikali inayochochea ukuaji wa uvimbe wa saratani.

Malezi ya kila siku hayana siri kubwa: kimiminika cha kukuzia seli kiitwacho RPMI 1640, seramu ya ndama asilimia 10, na msongamano usiozidi seli milioni 1 kwa mililita. Andika kila mara unapozihamishia seli chupa mpya, na zikishahamishwa mara nyingi rudi kwenye akiba iliyogandishwa, kwa sababu seli zilizozeeka chupani hubadili tabia bila kubadili sura.

Kinachonitia hofu zaidi ni mikoplasma. Bakteria hao hawatii ukungu kwenye kimiminika, hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, na penisilini haiwadhuru kwa kuwa hawana ukuta wa seli; lakini uwepo wao huamsha makrofaji, nawe utapima mwitikio ambao hukuusababisha. Pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya bakteria hao, kila seli mpya inapofika, kisha endelea kupima kwa ratiba. Thibitisha pia utambulisho wa seli zenyewe. U937, seli nyingine zinazotumika sana, zilitokana na mwanamume wa miaka 37 nchini Sweden, lakini baadhi ya akiba zilizobeba jina hilo ziligunduliwa baadaye kuwa na seli za K-562, ambazo ni za mgonjwa mwingine kabisa. Kibandiko cha chupa si ushahidi.

Pamoja na uangalifu huo wote, THP-1 zitabaki kuwa seli za mtu mmoja, zenye jeni zilizoharibiwa na saratani. Zina CD14 kidogo kuliko monosaiti za damu; CD14 ni protini inayosaidia seli kutambua LPS, kemikali ya ukuta wa baadhi ya bakteria, hivyo huenda zikaitikia LPS kwa unyonge. Hata hivyo nazipenda kwa swali la kifua kikuu kuliko seli za panya, kwa sababu makrofaji za panya huzalisha oksidi ya nitriki, gesi inayodhuru bakteria, kwa wingi zinapoamshwa, jambo ambalo za binadamu hazilifanyi kwa kiwango hicho maabarani. Zitumie kupanga vipimo, kuchuja dawa na kuzima jeni mojamoja, kazi ambazo damu ya wachangiaji haitoshi na hutofautiana mno. Ukishapata jibu unaloliamini, lirudie katika makrofaji zilizotokana na damu ya wachangiaji kadhaa, na katika ripoti yako andika dozi ya PMA, saa za kuitumia, saa za mapumziko na idadi ya mara seli zilivyohamishwa, ili mwenzako aliye katika maabara nyingine aweze kutengeneza makrofaji ileile uliyoitengeneza.