Kuchora picha ya familia kwa pasteli: usiiamini rangi ya picha ya zamani

Ndugu, umeuliza namna ya kuchora kwa pasteli, yaani vijiti vya rangi mfano wa chaki, picha ya babu na bibi yako iliyopigwa miaka ya 1980, ambayo sasa imegeuka nyekundu. Nimechora nyingi za aina hiyo hapa Kisumu, hasa za wazee waliokwisha kufariki, nami nitakueleza ninavyofanya.

Wekundu huo haukuwa katika nguo wala ngozi za wazee wako. Picha za rangi za wakati ule zilikuwa na tabaka tatu za rangi, na katika nyingi kati yake tabaka ya samawati ndiyo hutangulia kufifia hata zikifungiwa ndani ya albamu, hivyo kinachobaki ni wekundu na manjano. Ichukulie basi kuwa shahidi wa maumbo tu, yaani umbali kati ya macho, mwinamo wa kichwa na mikunjo ya leso, lakini rangi uzitafute kwa walio hai. Mimi humwomba mjukuu anayefanana na mzee aketi karibu na dirisha, nikamtazama kwa makini kabla ya kugusa chaki. Ngozi nyeusi ikipata mwanga wa mchana hupokea samawati ya anga kwenye paji la uso na juu ya mashavu, ilhali chini ya kidevu na ubavuni mwa pua huelekea kahawia yenye wekundu, pengine na zambarau kidogo. Chaki nyeusi iweke kando. Uso utaonekana kama uliopakwa masizi.

Chora kutoka kwenye nakala, kamwe si picha yenyewe. Ikiwa ni ya sentimita 10 kwa 15, igawe katika miraba ya sentimita 1, kisha karatasi ya sentimita 40 kwa 60 uigawe katika miraba ya sentimita 4, unakili mraba kwa mraba. Uso ulio mdogo kuliko ukucha usiubunie kope wala midomo. Uache ubaki mwanga na kivuli tu.

Kuhusu vifaa, zile chaki za bei nafuu za wanafunzi mara nyingi ni pasteli za mafuta, ambazo hazikauki kabisa na hazipatani na pasteli laini. Pasteli laini ni unga wa rangi wenye gundi kidogo sana, kwa hiyo huhitaji karatasi yenye mparuzo, na mimi hupendelea ya kahawia. Anza na rangi nzito, umalizie na nyepesi, ile nukta ya mwanga jichoni ikiwa ya mwisho. Vumbi usilipulize kwa mdomo, kwani utalivuta kifuani, ligongee nje. Dawa ya kukazia rangi hufifisha mwanga, hivyo inyunyize kidogo kwenye tabaka za mwanzo pekee.

Mafundi wengi wa fremu hukandamiza kioo juu ya mchoro, na kwa unyevu wetu wa kando ya ziwa huo ni mwaliko wa ukungu. Mwambie fundi aweke kadi nene pembezoni ili kioo kisiguse rangi, na umwambie kabla hajakata mbao.